Hadisi iliyokatwa na hadisi iliyoachwa wazi

Mtu akisimulia hadisi mangaribi karibu na moto, na gafula akaondoka kwenda kulala mbele ya kuonyesha namna Sungura alivyotoka katika mtego, watoto hawakubali. Wanamshika nguo na kuuliza: «Kiisha?» Hawamwombi fundisho, wanaomba haki yao. Aliyefungua hadisi ana deni la kuifunga, ao walau la kuwaachia wasikilizaji mlango ambao wanaweza kuupitia wenyewe.

Siku hizi msimulizi mkubwa katika mji wetu wa Goma ni televizyo, pamoja na radio na simu ya mkononi. Msimulizi huyu hupenda michezo ya kufuatana, ile inayoletwa kipande kwa kipande: leo kimoja, juma lijalo kingine. Na kila mtu anayeifuata anaweza kutaja mmoja uliokatika mbele ya saa yake. Mmoja anasikitika kwa sababu hakuona kama bibi aliyedanganywa alirudiana na mume wake. Mwingine angali anauliza nani aliyemwua mzee. Wengine watasema: mambo haya ni mchezo tu, mapadri na wafratri wana kazi ingine. Sisi hatufikiri hivi. Mkatekista anayefundisha watoto siku ya Mungu anakuta kwamba mioyo yao imekwisha kujazwa hadisi siku sita zilizotangulia. Tena sisi wenyewe tunatunga michezo katika parokia, tunaonyesha filme, tunatumia hadisi za radio katika makutano ya vijana. Inafaa basi tuzipime hadisi hizi kwa akili, sawa vile tunavyopima kitabu. Tutauliza mambo mawili: Kwa nini zinafanana hivi? Na kwa nini nyingi zinakatika?

1. Wakubwa wa zamani: Matamata, Mboloko na Mufwankolo

Wazee wetu hawakungoja televizyo ili waone filme za kufuatana. Katika miaka ya 1950, kule Kasai, Padri Albert Van Haelst wa shirika la Scheut alitengeneza filme fupi za kuchekesha juu ya watu wawili, Matamata na Pilipili. Matamata alikuwa mnene, Pilipili mwembamba. Katika miaka ileile Padri Alexandre Van den Heuvel alitengeneza filme za picha za kuchora juu ya Mboloko, paa mdogo wa porini anayeshinda wanyama wakubwa kwa akili yake. Hata katika Kivu yetu, kule Bukavu, Wamisionari wa Afrika walikuwa na nyumba yao ya filme, jina lake Africa Films.

Tusifiche kosa la filme zile. Zilitungwa na wageni waliokuwa na neno la kufundisha, na mara nyingi kicheko chake kilitoka juu kwenda chini: Mwafrika anayechekwa kwa sababu hajui desturi za mjini, ao kwa sababu anataka ukubwa usio wake. Hata hivi watazamaji waliwapenda wale wawili, na nyuma ya miaka mingi, katika mwaka 1996, Tristan Bourlard alitoa filme ingine nzima ya kukumbusha habari zao. Sababu moja ya mapendo hayo tunaiona hivi: kila filme ilikuwa na mwanzo wake na mwisho wake. Matamata aliingia katika taabu, alitoka, watu walicheka, wakaenda kulala. Uhuru ulipokuja tarehe 30 Juni 1960, na fujo ya miaka iliyofuata, kazi ile ya filme za misioni ilisimama. Mchezo ulikoma, lakini hakuna mtazamaji aliyebaki na deni. Alihuzunika kwa kukosa rafiki, hakuhuzunika kwa kukosa neno la mwisho.

Kule Lubumbashi kuna mfano mwingine, na kwetu ni wa samani zaidi, kwa sababu ulitoka katika watu wenyewe na katika Kiswahili chao. Ndicho kikundi cha Mufwankolo. Kikundi hiki kilijulikana kwanza katika radio, kiisha katika televizyo. Wachezaji hawakuandika maneno yao katika karatasi. Walipatana juu ya njia ya hadisi, wakaijaribu pamoja, kiisha kila mmoja akatafuta maneno yake mwenyewe mbele ya watu. Katika mwaka 1986 mwalimu mmoja wa mambo ya desturi za watu, Johannes Fabian, aliwauliza maana ya mezali isemayo kwamba utawala unaliwa mzima. Hawakumjibu kwa maelezo. Walimjibu kwa mchezo mzima, ulioitwa kwa Kifaransa Le pouvoir se mange entier, juu ya mfalme wa kijiji na watu wake. Ilikuwa wakati wa Mobutu, na kila mtazamaji aliweza kufikiri lililompasa kufikiri. Katika mwaka 1990 Fabian alitoa kitabu juu ya kazi ile.

Tuangalie jambo hili vizuri. Mufwankolo alidumu miaka mingi, na hakuwa na mali nyingi. Alidumu kwa sababu mchezo wake ulikuwa mfupi, ulimalizika siku ileile, na ulikuwa mali ya wale walioucheza. Vilevile huko Kenya, mchezo wa Vitimbi, pamoja na Mzee Ojwang' na Mama Kayai, ulidumu katika televizyo zaidi ya miaka 20. Benson Wanjau, aliyekuwa Mzee Ojwang', alipokufa katika mwezi wa Julai 2015, watu wengi walimlilia. Lakini hawakulilia hadisi iliyobaki katikati, kwani kila juma Mzee Ojwang' alikuwa amekwisha kulipa deni lake.

2. Kwa nini hadisi zinafanana?

Mtu akitazama michezo mingi ya nchi zetu ataona kwamba njia za hadisi si nyingi. Tutaje nne tu.

Ya kwanza ni ya wawili wasiofanana: mnene na mwembamba, mwenye haraka na mwenye polepole, mume mwenye mdomo na bibi mwenye akili. Ndiyo njia ya Matamata na Pilipili, ya Mzee Ojwang' na Mama Kayai, na ya Laurel na Hardy huko Marekani.

Ya pili ni ya mtu mwenye nyumba mbili. Yeye ana bibi halali, lakini anaficha mwingine, na tunangoja siku ambayo siri itatoka. Katika Tanzania, mchezo wa radio Twende na Wakati, ulioanza katika mwaka 1993, ulikuwa na shofere wa kamyo jina lake Mkwaju, mwanaume wa wanawake wengi, na bibi yake Tunu aliyeteseka nyumbani. Filme ya kufuatana Siri ya Mtungi, iliyoanza kuonyeshwa huko Tanzania katika mwezi wa Desemba 2012, ilimleta Cheche, kijana mpiga picha wa Bagamoyo, mwenye bibi yake Cheusi na moyo usiotulia.

Ya tatu ni ya vilima viwili vinavyochukiana, na kijana wa huku anampenda binti wa kule. Shakespeare aliifuata katika Romeo na Juliet. Majirani wetu wa Rwanda waliifuata katika Musekeweya, mchezo wa radio ulioanza katika mwaka 2004 kwa kazi ya shirika La Benevolencija: vijiji viwili, Bumanzi na Muhumuro, wanagombania shamba zuri, na kati ya ugomvi huo Shema na Batamuriza wanapendana. Shirika hilohilo lilileta kwetu mashariki ya Kongo mchezo wa radio wenye jina Kumbuka Kesho.

Ya ine ni ya mtu anayesita. Upande mmoja kuna mwema, upande mwingine mbaya, na katikati kuna mtu zaifu ambaye leo anafuata huyu, kesho yule, mpaka anachagua. Miguel Sabido wa Mexico aliipanga njia hii kama kanuni. Katika mwaka 1975 alitoa mchezo wa televizyo, Ven conmigo, ili watu wazima wapende kujifunza kusoma. Kanuni yake ikasafiri mbali. Mchezo wa televizyo Tushauriane huko Kenya katika mwaka 1987, na Twende na Wakati, yote miwili ilitoka katika shule ile.

Je, ni kosa kufanana hivi? Hapana. Anayelaumu hadisi kwa sababu inafanana na ingine ni kama anayelaumu bugali kwa sababu jana vilevile alikula bugali. Mambo ya watu si mengi: kuoa, kuzaa, kugombania shamba, kutamani ya mwenzako, kutoka kijijini na kupotea mjini, kurudi. Njia ikiwa ya zamani, ni alama kwamba wengi waliipita na hawakupotea. Tunavyopaswa kuuliza si kama njia ni mpya, bali kama wanaoipita ni watu ao sanamu tu. Mkwaju akiwa mtu, tutamchukia, kiisha tutamhurumia, kiisha tutajiona ndani yake. Mkwaju akiwa kibao cha kuandikia maonyo, tutasoma maonyo na kuenda zetu.

3. Nani anayekata?

Sasa tuje kwa swali la pili. Hadisi haijikati yenyewe. Kuna mkono unaoikata, na mikono hiyo haifanani.

Mkono wa kwanza ni kifo. Charles Dickens, Mwingereza, alikuwa akiandika kitabu juu ya kijana Edwin Drood, kikitoka mwezi kwa mwezi. Kilipaswa kuwa na vipande 12. Tarehe 9 Juni 1870 alikufa, na sita tu ndivyo vilivyokuwa tayari. Hata leo wasomaji wanashindana juu ya yaliyompata Drood. Hapa hakuna wa kulaumu.

Mkono wa pili ni soko. Katika mwaka 2002 huko Marekani, Joss Whedon alitengeneza filme ya kufuatana Firefly, juu ya watu maskini wanaosafiri kati ya nyota. Vipande 14 vilitengenezwa, 11 tu vikaonyeshwa, kiisha kampuni ikaukata mchezo kwa sababu watazamaji hawakutosha. Walioupenda hawakunyamaza, na katika mwaka 2005 mtungaji alipata kutoa filme moja ya sinema, Serenity, ili kufunga mambo yaliyobaki wazi. Tuone nguvu ya neno «Kiisha?» hata kwa watu wazima.

Mkono wa tatu unatugusa karibu zaidi. Ni mkono wa mfazili. Katika nchi zetu michezo mingi mizuri hailipwi na watazamaji, wala na wafanya biashara. Inalipwa na mpango wa msaada wenye kusudi lake: ugonjwa wa Sida, uzazi, salama kati ya makabila, kuchanja watoto. Siri ya Mtungi ililipwa kwa feza ya serikali ya Marekani ya kupigana na Sida. Ilitengenezwa kwa uangalifu mkubwa: picha nzuri, Kiswahili cha watu wa pwani kisicho cha shule, wazee na vijana wanaosema kama wanavyosema nyumbani. Walioiona walishangaa kwamba fundisho halikupiga kelele. Ilitoa vipande 26 tu katika sehemu mbili, na hapo njia yake ikakoma. Filme ya namna hii huishi kadiri ya mpango unaoilipa, haiishi kadiri ya hadisi yake.

Hatusemi haya ili tuwalaumu wafazili. Pasipo wao tusingalipata Cheche wala Mkwaju. Tena sisi Wakatoliki tunajua kwamba mafundisho mengine ya michezo ile juu ya uzazi hayakupatana na mafundisho ya Eklezya. Lakini leo hatushindani juu ya fundisho, tunapima hadisi. Na kipimo cha mfazili ni kingine. Katika miaka 1993 mpaka 1995, Twende na Wakati ilipelekwa karibu katika Tanzania nzima, lakini sehemu za Dodoma ziliachwa pasipo kuisikia, ili wachunguzi walinganishe waliosikia na wasiosikia. Hivi ndivyo dawa inavyopimwa. Ni kazi ya akili, na ilionyesha kwamba hadisi inageuza watu kweli. Lakini dawa inaachwa mgonjwa akipona, ao feza ya dawa ikiisha. Anayehesabu wangapi wamegeuza mwenendo hana safu ya kuandika: «Je, Tunu aliishia wapi?»

Katika mwaka 2025 jambo hili lilionekana wazi mbele ya wote. Mwezi wa kwanza wa mwaka ule serikali ya Marekani ilisimamisha misaada yake ya inje, na tarehe 1 Julai shirika la USAID likaacha kazi yake ya misaada. Dunia nzima mipango mingi ilifungwa katikati ya mwaka. Aliyekuwa anategemea mkono mmoja tu alijifunza siku ile kwamba hadisi yake haikuwa yake.

Mkono wa ine Goma inaujua kupita wengi. Ni vita. Mwezi ule ule wa kwanza wa 2025, tarehe 27, waasi wa M23 waliingia katika mji wetu, na kambi kubwa za wakimbizi zilizokuwa kando ya mji zikabomoka katika majuma yaliyofuata. Mbele ya hayo tulikuwa tumekimbia moto wa Nyiragongo tarehe 17 Januari 2002, na tena tarehe 22 Mei 2021. Katika mji kama huu, kukatwa katikati si jambo la televizyo tu. Mwanafunzi amekatwa katikati ya mwaka wa masomo, arusi imekatwa katikati ya mahari, nyumba imekatwa katikati ya ukuta. Mtu aliyetoka Masisi ao Rutshuru, maisha yake mwenyewe ni hadisi ambayo mwingine aliikata. Ndiyo sababu tunasema kwamba jambo hili si dogo. Ukimpa mtu huyu hadisi na kumnyanganya katikati, umefanya kwa mchezo lile ambalo wengine walimfanyia kwa bunduki.

4. Kukatwa si sawasawa na kuachwa wazi

Hapa msomaji mwenye akili atatupinga. Atasema: «Je, hadisi zote zinapaswa kufungwa kama sanduku? Injili yenyewe ina hadisi zisizofungwa.» Ni kweli, na jibu lake ndilo shina la maneno yetu.

Tukumbuke mfano wa Mwana mpotevu. Mdogo amerudi, ndama amechinjwa, ngoma zinasikika. Mkubwa anasimama inje, amekasirika. Baba anatoka na kumbembeleza. Na hapo mfano unaisha. Je, mkubwa aliingia? Hatuambiwi. Tukumbuke vilevile kitabu cha Yona: kinaisha kwa swali la Mungu, na jibu la Yona halikuandikwa. Na wafratri wanajua kwamba katika maandiko mengine ya kale sana Injili ya Marko inaisha na wanawake wanaokimbia kaburini kwa woga na kunyamaza.

Hakuna anayesema kwamba mfano ule ulikatwa. Kwa nini? Tunaona alama tatu.

Alama ya kwanza: katika hadisi iliyoachwa wazi, fundo limekwisha kufungwa kabisa. Tunajua lile linalomchoma kaka, tunajua moyo wa baba, tunajua kwamba mlango uko wazi. Hakuna habari inayokosekana. Katika hadisi ya Drood, kinyume, habari zinakosekana: hatujui hata kama kijana amekufa.

Alama ya pili: swali linalobaki ni moja, nalo ni swali lenyewe la hadisi. Katika hadisi iliyokatwa yanabaki maswali kumi, makubwa na madogo pamoja, kama nguo zilizoanguka njiani.

Alama ya tatu, na ndiyo kubwa: katika hadisi iliyoachwa wazi kazi inayobaki inapewa mtu. Msikilizaji ndiye kaka mkubwa. Anaambiwa: wewe, utaingia? Katika hadisi iliyokatwa kazi inayobaki haikupewa mtu. Imetupwa tu.

Tukishika alama hizi tatu, tutaweza kuamua vizuri. Tutaona kwamba kuna kosa lingine, kinyume cha kukatwa: hadisi iliyofungwa mbele ya kufunguliwa. Ndiyo hatari ya kanuni ya mwema, mbaya na anayesita. Msikilizaji aliyezoea anajua tangu kipande cha kwanza kwamba mbaya ataazibiwa na anayesita atageuka. Katika Twende na Wakati Mkwaju alikufa kwa Sida. Tuwe wa haki: katika miaka ile mwisho ule haukuwa uzushi, mashofere wengi na wabibi wao walikufa hivi. Mwisho ulikuwa wa kweli. Lakini pale ambapo mtungaji anaweka mwisho kama azabu, pasipo kumwachia mbaya hata saa moja ya uhuru wake, hadisi inakuwa maelezo ya sheria. Sisi wahubiri tunaanguka katika kosa hili kupita wote. Ni mara ngapi katika michezo ya parokia mlevi anageuka gafula kwa sababu padri amepita njiani? Watazamaji wanapiga makofi, lakini mlevi aliyekaa nyuma anajua kwamba si hivi.

Hivi hukumu yetu ni hii. Hadisi njema si lazima iwe ndefu, wala si lazima ifungwe. Inapaswa tu iishie pale ambapo yenyewe imefika, si pale ambapo feza, ao haraka ya fundisho, imeishia.

5. Tufanye nini?

Mkatekista atasema: «Mimi si mtengeneza filme.» Lakini yeye ni msimulizi, na mara nyingi ndiye anayechagua kile kinachoonyeshwa na kuchezwa. Tunamwambia mambo manne.

Kwanza, achague vifupi. Kuonyesha kipande cha kwanza cha mchezo wa vipande 26 katika sale ya parokia, pahali ambapo umeme unakatika na watu wanahama, ni kuwafungulia watu deni lisilolipwa. Afazali hadisi ya nusu saa yenye mwisho. Matamata, Vitimbi na Mufwankolo wanatufundisha hekima hii: watu wanaweza kuwa walewale kila juma, lakini hadisi imalizike mbele ya watu kuvuka mlango.

Pili, vijana wakitunga mchezo, watunge mwisho mbele ya kutunga mwanzo, na wahesabu siku walizo nazo. Kama kuna mangaribi tatu tu mpaka Noeli, hadisi iwe ya mangaribi tatu. Na wajizuie kuingiza watu 15, kila mmoja na fundo lake. Mchezo wa watu wanne unaweza kubeba zambi zote za dunia.

Tatu, hadisi ikikatwa na mkono mwingine, tusiwaache watu pekee. Zamani, filme zilipoonyeshwa vijijini, kulikuwa mtu aliyesimama kando ya kitambaa na kueleza maneno kwa luga ya watu. Katika Kampala na Dar es Salaam kazi hii ingaliko: wafasiri wa filme wanaeleza filme za kigeni kwa Kiganda ao kwa Kiswahili, na wanatia chumvi yao. Mkatekista anaweza kushika kazi hii. Mchezo wa radio ukinyamaza, akusanye waliousikiliza na kuwauliza: «Ninyi mnafikiri kiisha wakafanya nini?» Asijibu yeye. Mama mmoja atasema Tunu alirudi kwao. Mwingine atasema hapana, alibaki kwa ajili ya watoto. Wataanza kubishana, na katika ubishi huo watasema mambo ya nyumba zao wenyewe ambayo wasingesema mbele ya swali la katekisimu. Hivi hadisi iliyokatwa inaweza kugeuzwa kuwa hadisi iliyoachwa wazi, kwa sababu sasa kazi iliyotupwa imeokotwa na watu.

Ine, tuwe na yetu. Wafazili watakuja na wataenda. Tuwapokee kwa shukrani, na tujifunze kwao kazi ya picha na sauti. Lakini kikundi cha Mufwankolo kinatuonyesha kwamba watu wachache wanaojuana, wanaosema luga yao na kupatana juu ya njia, wanaweza kudumu kupita mpango wowote. Parokia ambayo ina vijana wanane na baraza la kuchezea haina sababu ya kungoja. Na watakayoyacheza wayaandike, ao wayashike katika simu, na kuyaweka mahali pa salama. Mengi ya wazee wetu yalichezwa vizuri, kiisha yalipotea kwa sababu hakuna aliyeyatunza.

Wale wanaochezewa hapa Goma, wengi wao wanangoja siku ambayo watarudi shambani, na hakuna anayeweza kuwaambia tarehe. Hatuna haki ya kuwapa mwisho wa uongo, ambamo vita vinaisha katika dakika tano kwa sababu adui amesikia wimbo mzuri. Wala hatuna haki ya kuwafungulia hadisi kubwa na kutoweka. Tuwape hadisi ndogo yenye ukweli, fundo lake limefungwa vizuri, mlango wake uko wazi. Kuingia ni kazi yao.